Kituo cha Chini ni cha Nani?

Haya ni mazungumzo ya redio ya juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuyasikia.

Juma hili nimechagua mada ambayo kwa baadhi yenu itasikika kama hadithi za ng'ambo. Nataka tuzungumze juu ya magari ya waya, yale yanayopanda mlima yakiwa yananing'inia hewani. Wengine huyaita kebo. Huweza kuwa chumba kidogo chenye madirisha, au kiti, au ndoo ya chuma, kikavutwa kwa kamba nene ya waya kutoka bondeni hadi mlimani bila kugusa ardhi.

Kila chombo hiki kinapotajwa, watu hutazama juu. Magazeti hupiga picha ya kileleni, wakubwa huzungumzia mandhari, na watalii huulizia theluji. Mimi leo nawaombeni tutazame chini. Nataka tuzungumzie kituo cha chini, pale bondeni kamba inapoanzia, kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo mradi mzima unapojieleza ni wa nani.

Labda mtaniuliza, mtu wa Kaengesa ana habari gani na magari ya waya? Ninayo. Sisi wa uwanda wa juu wa Ufipa tunaishi juu ya ukuta. Ukitoka kwetu ukaelekea upande wa Ziwa Rukwa, nchi inakatika ghafla. Hapo ndipo Lyamba lya Mfipa, mteremko unaoshuka kutoka uwanda uliopita mita 1,500 hadi bonde lililo kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu tunalima mahindi, maharage na ulezi, tena usiku tunajifunika blanketi. Chini, Muze na Mtowisa, kuna joto, na wenzetu wanalima mpunga na ufuta na kuvua samaki. Kati ya juu na chini kuna barabara zenye kona kali, na kuna njia za miguu ambazo mama zetu wamezipanda miaka na miaka wakiwa na mizigo kichwani. Kwa hiyo mtu wa Ufipa akisikia kwamba kuna kamba inayoweza kubeba gunia kutoka chini hadi juu, hasikilizi kama mtalii. Anasikiliza kama mtu ambaye shingo yake inauma.

Tuanze na maelezo ya chombo chenyewe. Katika mtindo wa zamani wa kubebea mizigo, kuna kamba nene zilizotulia, ambazo magurudumu ya ndoo hutembea juu yake kama treni juu ya reli. Kisha kuna kamba nyingine, nyembamba kidogo, inayozunguka bila kukoma na kuzivuta ndoo. Kwenye kituo kimoja kamba nene hufungwa imara, na kwenye kingine huning'inizwa uzito mkubwa wa mawe au chuma ili kamba zisilegee. Ndoo zenye mzigo hushuka upande mmoja, na tupu hupanda upande wa pili. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ukiwa unashuka, uzito wa mzigo wenyewe ndio unaozipandisha ndoo tupu. Hapo kazi kubwa ya fundi si kuvuta, bali kuzuia. Anahitaji breki kuliko anavyohitaji injini.

Sasa, kituo cha chini ni pale mzigo unapopokewa, unapopimwa, unapohesabiwa na kupakiwa kwenye chombo kingine. Ni stendi. Wewe msikilizaji wa Dar es Salaam unaelewa stendi ni nini. Ilipofika Februari 2021, mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi, kwenye kituo kipya kilichopewa jina la Magufuli. Hayakuhama mabasi peke yake. Walihama mama lishe, wapiga debe, wabeba mizigo, wauza maji na wenye nyumba za kulala wageni, na wale walioshindwa kuhama walibaki wakitazama barabara. Ndivyo kituo kilivyo. Aliyepanga kisimame wapi amekwisha kupanga nani atakula.

Tanzania tuliwahi kuwa na kamba ya namna hii, tena ya kuheshimika kwa ufundi wake. Tazameni mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara Magharibi. Hapo, kando ya reli ya Tanga, pana mahali panaitwa Mkumbara. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kupitia Mkumbara na Buiko hadi Moshi mwaka 1911. Juu ya Mkumbara, kwenye baridi ya Shume, palikuwa na msitu wa miti mikubwa ya mwangati, ambayo wengine huiita mtarakwa. Mti huo una mbao nyekundu zenye harufu nzuri, na viwanda vya penseli huupenda kwa sababu unachongeka vizuri.

Kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kibali cha kuvuna msitu huo. Shida yao ilikuwa ile ile ya watu wa Lyamba lya Mfipa: mali iko juu, njia ya kuitoa iko chini, na katikati kuna ukuta. Wakaiita kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, ambayo wakati ule ilikuwa na sifa kubwa duniani kwa kazi za kamba za waya. Karibu na mwaka 1910 kamba ikawa inafanya kazi kutoka Shume, mahali ambapo Wajerumani walipaita Neu-Hornow, hadi Mkumbara. Urefu wake ulikuwa kilomita 9 hivi, na tofauti ya kimo kati ya kituo cha juu na cha chini ilikuwa takriban mita 1,500. Mabonde yaliyowashinda wenye magari ya ng'ombe, kamba iliyapita juu kwa juu.

Hebu tusimame kidogo pale Mkumbara wa wakati ule. Magogo na mbao zinashuka kutoka mawinguni. Zinapokewa, zinapangwa, zinapakiwa kwenye behewa, behewa linakwenda Tanga, na Tanga kuna meli. Msambaa aliyeikuta miti ile imesimama tangu enzi za mababu alikuwa na nafasi gani pale kituoni? Alikuwa mbeba mzigo. Hakuuliza bei wala hakuweka mkataba. Kituo cha chini kilikuwa chake kwa jasho tu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Usambara, na baada ya vita mali za Wajerumani zikachukuliwa kama mali za adui. Leo kamba ile haifanyi kazi tena. Shume kuna shamba la miti la Serikali, na miti mingi mnayoiona huko ni ya kupandwa. Mkumbara ni kata katika wilaya ya Korogwe, na wapo wanaoipita kila siku kwa basi la Arusha bila kujua kwamba hapo paliwahi kuwa mdomo wa mashine iliyomeza msitu.

Sisemi haya ili tuwalilie wakoloni au kuwalaani upya. Nasema ili tuone kanuni. Kamba iliyojengwa kwa ajili ya kitu kimoja tu kinachoshuka, huishi muda ule ambao kitu hicho kipo na mwenyewe yupo. Kampuni hiyo hiyo ya Leipzig, kati ya mwaka 1903 na 1905, ilijenga kamba nyingine kule Argentina, kutoka mji wa Chilecito hadi mgodi wa La Mejicana, kwenye milima ya Andes. Ile ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 35 na vituo tisa, ikipanda hadi zaidi ya mita 4,000. Mgodi ulipokufa, kamba nayo ikafa. Kituo cha chini pale Chilecito sasa ni jumba la makumbusho. Ni jambo zuri kutunza historia, lakini makumbusho hayalipi mishahara ya wachimbaji.

Huko Ulaya na Marekani, kamba ziliacha kubeba magogo na mawe peke yake, zikaanza kubeba starehe. Wenzetu wa nchi za baridi wana mchezo wa kuvaa mbao ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji kutoka mlimani. Kushuka ni raha, lakini kupanda tena ni adhabu. Mwaka 1936, katika mahali panapoitwa Sun Valley, jimbo la Idaho, kampuni ya reli ya Union Pacific ilifunga viti vinavyoning'inia kwenye kamba, mchezaji akiketi anapandishwa juu bila kuvua mbao zake. Mhandisi aliyevibuni, James Curran, alichukua wazo hilo kutoka kwenye mitambo aliyoifahamu ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto. Alitoa kulabu ya mkungu wa ndizi akaweka kiti cha mtu. Naomba Wahaya na Wanyakyusa walikumbuke hilo siku wakionyeshwa picha za matajiri wakipandishwa kwenye theluji: chombo kile kilianza kwa kubeba ndizi.

Na pale chini ya milima hiyo, penye kituo, ndipo miji ilipoota. Hoteli, maduka ya kukodisha viatu na mbao za kuteleza, mikahawa, shule za kufundishia mchezo, zahanati za kutibu waliovunjika miguu. Mgeni anapanda juu kwa dakika chache, lakini fedha yake nyingi inabaki chini. Wenye akili katika biashara hiyo hawagombanii kilele. Wanagombania kiwanja kilicho jirani na kituo cha chini.

Hapo sasa ndipo tunapofika Kilimanjaro. Mwaka 2019 aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Ndugu Constantine Kanyasu, alieleza kwamba Serikali inaangalia uwezekano wa kuweka magari ya waya kwenye mlima huo, ili watu wasioweza kupanda kwa miguu nao wapate kuuona. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Wapo wazee, wapo walemavu, wapo wenye siku moja tu ya mapumziko. Afrika Kusini wamefanya hivyo kwenye mlima wa Table Mountain, Cape Town, tangu mwaka 1929, na mwaka 1997 wakaweka magari mapya yanayozunguka yakiwa na abiria 65 kila moja. Mlima haukuanguka.

Lakini Table Mountain ni mlima wa mita 1,000 na kidogo, nao Kilimanjaro ni mita 5,895. Mtu akipandishwa haraka hadi kwenye hewa nyembamba, kichwa kinamwuma, anatapika, na asiposhushwa mapema anaweza kufa. Ndiyo maana wanaopanda kwa miguu hutumia siku tano, sita au saba, mwili ukizoea kidogo kidogo. Basi kamba ya Kilimanjaro isingeweza kumpeleka mtu kileleni. Ingempeleka sehemu ya njia tu, akapiga picha, akashuka kula chakula cha mchana.

Na hapo ndipo waongozaji, wapagazi na wenye makampuni ya utalii walipopaza sauti, hasa mwaka 2022. Nawaomba msiwachukulie kama watu wanaopinga maendeleo. Nendeni asubuhi kwenye lango la Marangu au la Machame. Mtakuta vijana wamesimama nje tangu alfajiri, wengine na viatu vya kuazima, wakingoja kuitwa. Ndani kuna mizani, maana mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Mgeni mmoja anayepanda kwa wiki nzima huwa na watu watatu, wanne au zaidi nyuma yake: mwongozaji, mpishi na wapagazi wa mahema, chakula na maji. Kila mmoja wao ana mama, ana watoto, ana ada ya shule. Mgeni huyo huyo akipanda kwa gari la waya asubuhi na kushuka mchana, nyuma yake hayupo mtu hata mmoja. Yupo mkata tiketi.

Lango lile ndilo kituo cha chini cha Kilimanjaro. Kipo tayari, hakina kamba, na ni cha maelfu. Swali lililoulizwa na wapagazi lilikuwa moja tu, ingawa lilisemwa kwa maneno mengi: mkileta kamba, kituo cha chini kitakuwa cha nani? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji asogee pembeni.

Nilipoyazungumza haya nyumbani Kaengesa, vijana walinibishia. Mmoja alisema, "Mzee, kwani mtu azaliwe ili abebe begi la mzungu? Mashine ibebe, sisi tupate kazi nyingine." Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya akamjibu, "Sawa, mwanangu. Hiyo kazi nyingine tuonyeshe kwanza, kisha begi tutaliweka chini." Sikuongeza neno. Wote wawili walikuwa na haki. Kubeba mzigo mgongoni si sifa ya taifa, wala si jambo la kutunzwa kama ngoma ya asili. Lakini kumnyang'anya mtu mzigo kabla ya kumpa jembe si ukombozi.

Je, yawezekana kamba ikajengwa na kituo cha chini kikawa cha wananchi? Yawezekana, na mifano ipo. Mji wa Medellín, nchini Colombia, upo bondeni, na maskini wake walijenga vibanda juu ya vilima vilivyouzunguka. Mtu wa huko alikuwa anapoteza muda mrefu kushuka kwenda kazini na kupanda kurudi. Mwaka 2004 wakafungua kamba ya abiria kutoka mtaa wa Santo Domingo, kule juu, hadi kituo cha Acevedo, bondeni. Sasa sikilizeni jambo hili: kituo cha Acevedo ni kituo cha treni ya mjini. Abiria anashuka kwenye gari la waya anaingia kwenye treni hapo hapo. Ni kama mtu wa mlimani angeshushwa mlangoni pa mwendokasi.

Bolivia nao mwaka 2014 walianza kuunganisha La Paz, mji uliomo ndani ya shimo la bonde, na El Alto, mji wa wananchi wa kawaida uliopo juu kwenye kimo cha mita 4,000 hivi. Kituo cha chini cha mstari wa kwanza, ule mwekundu, walikijenga palipokuwa stesheni ya zamani ya reli. Magari yale hayakuwekwa kwa ajili ya watalii. Watalii hupanda pia, lakini wanapanda pamoja na mama muuza viazi na mwanafunzi. Huo ndio ujamaa wa kamba, kama mtaniruhusu kusema hivyo.

Ipo kazi nyingine ya vituo hivi ambayo sitaki tuisahau, nayo ni ulinzi wa roho za watu. Tarehe 23 Mei, 2021, kule Italia, gari la waya la kutoka Stresa kwenda mlima Mottarone lilikuwa linakaribia kituo cha juu likiwa na watu 15. Kamba ya kuvuta ikakatika. Gari lilikuwa na breki ya dharura ambayo ingelishika kwenye kamba nene likasimama. Lakini breki ile ilikuwa imezuiwa kwa makusudi kwa vyuma, kwa sababu ilikuwa inajifunga yenyewe mara kwa mara na kusimamisha safari. Gari likarudi nyuma kwa kasi, likaanguka. Watu 14 walikufa, akapona mtoto mmoja. Breki haikuharibika siku ile. Ilizibwa mdomo kwa sababu ilikuwa inachelewesha mapato.

Kwetu tunayafahamu mambo haya kwa sura nyingine. Tunafahamu basi linaloondoka stendi na tairi kipara kwa sababu abiria wamekwisha kulipa. Tunafahamu mtambo ulionunuliwa kwa fedha nyingi na kukosa spea ya fedha kidogo. Kwa hiyo yeyote atakayetujia na mpango wa kamba, iwe Kilimanjaro au Lyamba lya Mfipa, tumwulize kwanza habari ya breki kabla ya mandhari. Nani atakayeikagua? Atakuwa na mamlaka ya kusimamisha safari siku ya Krismasi, watu wakiwa wamejipanga foleni? Kama jibu ni kwamba atapiga simu kwanza kuomba ruhusa kwa mkubwa, basi tupande kwa miguu.

Sasa nirudi Ufipa, maana nilisema shingo yetu inauma. Huko Nepal, kwenye milima ya Himalaya, kuna vijiji vilivyo juu ambavyo barabara inapita chini kabisa. Wamefungiwa kamba ndogo za mizigo zisizo na injini wala umeme. Mzigo wa mazao unaoshuka ndio unaovuta mzigo mdogo unaopanda. Kwa kadirio la kawaida, kilo tatu zikishuka, kilo moja inapanda. Chini kuna mtu wa kupokea na kupakua, juu kuna mtu wa kupakia na kushika breki. Yaliyokuwa mabega ya mama sasa ni kamba, na mama anakwenda sokoni mikono mitupu akakute mzigo wake umefika.

Je, jambo hili lingefaa kwetu? Sitaki kuwadanganya. Hesabu yetu ni ngumu zaidi. Kule Nepal barabara iko chini, kwa hiyo mzigo mzito unashuka na mwepesi unapanda, na uzito unafanya kazi ya bure. Kwetu barabara kuu iko juu. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, inapita kwenye uwanda. Kwa hiyo mchele, ufuta na samaki wa bondeni ndivyo vinavyotafuta kupanda, na mzigo mzito ukipanda kuna mtu anayelipia nguvu. Lakini sisi wa juu nasi tuna mahindi, maharage na viazi vinavyotafuta kushuka kwa watu wa bondeni. Mkoa wa Rukwa unahesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Gunia letu likishuka linaweza kusaidia kulivuta debe lao linalopanda. Wahandisi wakae chini wapige hesabu, waseme kama kamba inalipa au kama fedha hizo zikazibe mashimo na kupanua kona za barabara tulizo nazo. Jibu lolote la kweli tutalipokea.

Ila nasema mapema, hata kabla wahandisi hawajafika. Kama siku moja kamba itashuka Lyamba lya Mfipa, kituo cha chini kisijengwe kwenye shamba la kigogo aliyenunua kiwanja baada ya kuona ramani kabla yetu. Kiwe cha chama cha ushirika au cha kijiji, chenye mizani inayoonekana na kila mwenye gunia, chenye ghala, na chenye bei iliyobandikwa ukutani. Mabonde yetu yamekwisha kuona walanguzi wa kutosha wanaomsubiri mkulima pale anapochoka. Mtu aliyepanda saa tano na mzigo kichwani hana nguvu ya kubishana bei, na mlanguzi anajua hivyo. Kamba itakayompumzisha mkulima shingo lakini ikamfikisha kwa mlanguzi yule yule itakuwa imembadilishia mahali pa kuumia.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nayaweka mambo matatu mbele yenu, hasa ninyi mnaokaa mijini ambako mipango hii huandikwa. Kwanza, mkisikia kamba, ulizeni nini kinashuka na fedha yake inalala wapi. Pale Mkumbara zilishuka mbao, na fedha ikalala Ulaya. Pili, ulizeni nani ameshika breki. Pale Mottarone breki ilitiishwa na tiketi. Tatu, ulizeni ni nani aliyekuwa amesimama mahali hapo kabla ya kituo kujengwa, na kesho asubuhi atasimama wapi. Pale Marangu na Machame watu hao wana majina, wana familia, na wanaamka alfajiri.

Kamba si adui wa mtu. Ni chuma tu, kinavuta kinakoelekezwa. Imebeba miti ya Shume, imebeba ndizi, imebeba matajiri kwenye theluji, na huko El Alto inabeba wafanyakazi wa kawaida kwenda kazini. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hata gari la waya, lipande vipi, jioni hurudi chini. Hapo chini ndipo abiria anaposhuka, anapouliza nauli ya kwenda kwao, na anapotafuta mahali pa kunywa chai. Ni vyema pale atakapoikuta chai hiyo, aliyeipika awe mwenyeji, na kibanda kiwe chake.

Nawatakieni jioni njema. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.